MJUMBE HAUAWI, NYIE MNAMUUA KILA SIKU

Hivi jamani, nani alitudanganya kwamba breka ikikata umeme basi breka ndiyo mbovu?

Nauliza kwa sababu nimechoka kulisikia neno moja kila ninapotumwa kuripoti tamasha, maonesho au promosheni ya barabarani: "Weka dairekti." Trela la chipsi likizima taa, weka dairekti. Trela la matangazo likinyamaza katikati ya wimbo, weka dairekti. Kwa ambaye hajawahi kulisikia, dairekti maana yake ni kuchukua kipande cha waya na kukiruka kile kifaa kilichowekwa pale makusudi ili kikate umeme pakitokea hatari. Fundi anamaliza kazi kwa dakika tano, anapewa chake, anaondoka. Muziki unarudi, bosi anafurahi. Na kuanzia dakika hiyo kila anayeshika bodi la lile trela yumo kwenye kamari ambayo hakuambiwa kama inachezwa.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Breka ni mjumbe. Imekuja na habari mbaya, ndiyo, lakini habari hiyo haikutungwa na breka. Sisi tunamkata mjumbe kichwa, halafu tunakaa kushangaa kwa nini vita imetukuta usingizini.

Naomba nieleweke mapema. Sina ugomvi na jenereta. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011 ulitufundisha wote kuishi na majenereta, na hata baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, trela litabaki kuwa trela. Linakwenda kwenye viwanja visivyo na nguzo, kwenye minada, kwenye kampeni za chanjo vijijini. Lazima libebe umeme wake. Ugomvi wangu ni na tabia ya kuchukulia kwamba umeme wa kwenye trela ni mdogo, ni wa muda, ni wa kuungaunga tu.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye maonesho ya Nane Nane katika moja ya kanda zetu. Kampuni ambayo sitaitaja ilikuwa na trela la kuuzia juisi na vitafunwa. Siku nne za mwanzo banda lao lilikuwa halijafikishiwa umeme wa nguzo, wakatumia jenereta dogo la kubeba mkononi. Mambo shwari, hakuna aliyelalamika. Siku ya tano wakaunganishwa na laini ya uwanjani. Hapo hapo breka ya kwenye boksi la trela ikaruka. Wakaipandisha, ikaruka tena. Fundi akatoa hukumu bila hata kufungua kifuniko cha pili: "Breka imechoka, na umeme wa nguzo ni mchafu. Wa jenereta ndio msafi." Dairekti.

Mchana ule ule dada mmoja aliyekuwa akiuza pale alishuka na ndoo kumwaga maji ya vyombo. Mguu mmoja ukakanyaga udongo uliolowa, mkono ukiwa bado kwenye bomba la mlango. Akarushwa. Namshukuru Mungu alirushwa nje, hakunaswa. Aliungua vidole viwili. Na unajua aliambiwa nini? "Kesho uvae kandambili."

Kandambili! Kampuni ina trela la mamilioni, ina jenereta, ina mabango yanayong'aa, halafu kinga ya mfanyakazi wake dhidi ya volti 230 ni kandambili alizojinunulia mwenyewe.

Jioni alikuja fundi mwingine, mwenye leseni, akafungua mbele yangu. Hakuchukua hata saa moja. Waya wa fezi ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati karibu na ndoano ya kuvutia trela, bila mpira wa kuukinga. Trela lilipokuwa likitikisika barabarani, bati likaula ule waya pole pole mpaka shaba ikagusa bodi. Waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, ulikuwa umekatwa kwenye plagi kwa sababu mtu alibadilisha plagi ya pini tatu akaweka ya pini mbili. Ule "ubovu wa breka" wote ulikuwa huo.

Sasa swali ambalo yule fundi wa kwanza alipaswa kujiuliza: kama waya ulikuwa umegusa bodi tangu safarini, mbona kwa siku nne za jenereta hakuna aliyepigwa shoti?

Jibu lake halihitaji digrii. Umeme ukitoka kwenye chanzo lazima urudi kwenye chanzo hicho hicho. Umeme wa nguzo unatoka kwenye transfoma, na nyutro ya transfoma imefungwa ardhini. Kwa hiyo ardhi yenyewe ni njia ya kurudi. Ukishika bodi lenye fezi huku umekanyaga udongo, wewe ndiye daraja. Lakini majenereta mengi madogo ya kubeba nyutro yake haijafungwa popote, si ardhini wala kwenye fremu. Inaelea. Kwa jenereta la namna hiyo ardhi haimrudishi umeme nyumbani, kwa hiyo kosa moja linakaa kimya. Hakuna shoti, breka hairuki, kila mtu anacheka.

Kwa hiyo jenereta halikuwa na umeme msafi. Jenereta lilikuwa limeficha kosa. Umeme wa nguzo ndio uliosema ukweli: fezi ilivuja kupitia miguu ya chuma ya kuegeshea trela, ikaingia kwenye udongo, na breka ikahesabu, ikaona kuna umeme unaotoka na haurudi, ikakata. Mjumbe alifika. Akauawa.

Na wale wanaosema basi tutumie jenereta tu siku zote, ngojeni kidogo. Kwa jenereta dogo linalolisha kifaa kimoja, nyutro kuelea ni kinga nzuri tu, sikatai. Lakini trela halina kifaa kimoja. Lina friji, kaango, taa, spika, chaja za simu. Kosa la kwanza likikaa kimya, linangoja la pili. Fezi imegusa bodi la trela. Wiki ijayo nyutro inagusa fremu ya spika iliyoshushwa chini pembeni. Msanii anaegemea trela kwa mkono mmoja na kushika ile fremu kwa mwingine. Amepata volti 230 kifuani, na hata breka nzuri kuliko zote haitaona kitu, maana umeme uliotoka umerudi wote kwa njia ya waya, haukupotelea ardhini. Hapo kandambili itasaidia nini?

Mnisamehe kwa darasa hili, lakini bila kuelewa kidogo tutaendelea kudanganywa. Breka ziko za aina mbili kubwa. Ya kawaida inalinda waya usiungue. Breka ya ampea 16 itaruhusu ampea 16 zipite kutwa nzima, na binadamu hahitaji ampea 16 kufa. Ya pili ni ile mafundi wanayoiita RCD, yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300. Gawanya mwenyewe: ampea 16 ni zaidi ya mara 500 ya miliampea 30. Hiyo RCD ndiyo iliyorukwa kwa kipande cha waya.

Kuna mtego mwingine hapa. Kile kitufe ukikibonyeza kwenye jenereta lenye nyutro inayoelea, RCD itakata vizuri tu, kwa sababu kitufe kina njia yake ndani ya kifaa. Watu wanabonyeza, wanaona imekata, wanasema tuko salama. Mmethibitisha kwamba RCD ni nzima. Hamjathibitisha kwamba itawalinda.

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Yapo majenereta ambayo yametoka kiwandani nyutro ikiwa imefungwa na fremu, yakiwa na RCD yake. Unachomeka trela, jenereta linakata papo hapo. Unachomeka trela lingine, linafanya kazi. Hapo utasikia "jenereta halilipendi hili trela", kana kwamba tunazungumzia ndoa! Mara nyingi kilichopo ni kwamba fundi fulani aliunganisha nyutro na ethi ndani ya boksi la trela. Umeme unaorudi unagawanyika, sehemu inapita kwenye nyutro na sehemu kwenye ethi, RCD inaona hesabu haifungi, inakata. Dawa si kuiruka RCD. Dawa ni kutenganisha nyutro na ethi ndani ya trela. Vinaunganishwa mahali pamoja tu, kwenye chanzo, na kama chanzo ni jenereta basi kwa kufuata maelekezo ya aliyelitengeneza, maana si kila jenereta linaruhusu.

Nawasikia mafundi wakisema, "Mwandishi wa habari, umeme umeujulia wapi?" Haki yenu. Nimewauliza wenzenu wenye leseni, nimesoma, na nimesimama nikiangalia. Kazi ya kutafuta kosa, kama walivyonieleza na kunionesha, ina mpangilio, nao ni huu.

Kwanza, chomoa trela. Washa jenereta peke yake, upime. Waya kwa waya upate kama volti 230. Kisha pima kila waya dhidi ya fremu. Ukiona mmoja sifuri na mwingine 230, nyutro imefungwa. Ukiona kila mmoja kama nusu nusu, nyutro inaelea. Hapa ndipo wenye testa ya bisibisi wanapopotea: testa inaweza kuwaka kwenye waya zote mbili, basi fundi anatangaza "jenereta linatoa fezi mbili". Halitoi fezi mbili, ndugu yangu. Nunua mita.

Pili, geukia trela likiwa halina umeme kabisa. Pima kutoka pini ya ethi ya plagi mpaka kwenye bati la bodi. Unatakiwa ukute njia iliyo wazi kabisa, karibu omu sifuri. Yule dada angekuwa mzima kama mtu mmoja tu angefanya kipimo hiki cha nusu dakika.

Tatu, nyutro dhidi ya ethi. Hapa pasiwe na njia. Ikiwepo, kuna aliyeunganisha, au kuna kifaa kinachovuja, na waya za kuchemshia za kaango na birika zinajulikana sana kwa hilo zikishazeeka. Fundi mwenye mega anapima kwa volti 500, fezi na nyutro zikiwa zimeshikanishwa dhidi ya ethi, na anataka kuona si chini ya megaomu moja.

Nne, chomoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja. Nimesema chomoa. Kuzima breka ndogo peke yake hakutoshi, kwa sababu breka nyingi za kwetu zinakata fezi tu na kuiacha nyutro imeunganika. Kosa la nyutro na ethi litaendelea kuirusha RCD hata breka zote ndogo zikiwa zimezimwa. Fundi asiyejua hili atasema, "Nimezima kila kitu bado inaruka, basi RCD mbovu." Na hapo ndipo kipande cha waya kinapotoka mfukoni.

Tano, pima ukiwa na mzigo. Jenereta lililoandikwa kVA 2.5 kwa mzigo wa kawaida linakupa kama kilowati 2. Ukiweka kaango la wati 2,000, friji na spika, unategemea nini? Friji peke yake likianza kuzunguka linavuta mara kadhaa ya matumizi yake ya kawaida. Halafu mnatumia ekstensheni ya waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, mita 50, kwa sababu bosi hataki kelele za jenereta karibu na wateja. Kwa ampea 10 tu waya huo unapoteza kama volti 26. Trela linapokea 204, na kama wati 260 zinabaki njiani zikiuchemsha waya ambao mmeuacha umejikunja kwenye nyasi kavu. Waya wa milimita 2.5 ungepoteza kama volti 8. Lakini fundi wetu hapimi waya. Anakwenda kukaza skrubu ya gavana ili injini izunguke haraka. Injini hizi ndogo zinatakiwa zizunguke mara 3,000 kwa dakika zitoe hezi 50. Ukiikimbiza ifike 3,300 umepata hezi 55, na vifaa vikiungua utasema jenereta la Kichina.

Na nondo? Ah, nondo! Kila ukiuliza kuhusu ethi unaoneshwa nondo iliyopigwa chini na kumwagiwa maji ya chumvi, kama tambiko. Kwa jenereta ambalo nyutro yake inaelea, nondo hiyo hairushi breka yoyote kosa likitokea, kwa sababu umeme hauna sababu ya kurudi kwa njia ya ardhi. Na kwenye umeme wa nguzo, nondo yenye ukinzani wa omu 50 itapitisha chini ya ampea 5. Breka ya ampea 16 haitashtuka. RCD ingekata, lakini RCD mmeshaiua.

Bado sijagusa ule waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaotumika kuingiza umeme wa jenereta kwenye soketi ya banda. Huo nauita silaha. Mein swichi ikisahaulika, umeme unatoka nje, unafika kwenye transfoma, na transfoma haijui ubaguzi: volti 230 zikiingia kwa nyuma, kule juu zinatoka volti 11,000. Kuna fundi wa laini yuko juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Ana watoto. Chenjiova ipo madukani, inachagua chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja.

Najua utetezi utakaokuja. "Gharama." Haya, tupige hesabu za gharama. RCD inanunuliwa mara moja ikakaa miaka. Mpira wa kukinga waya kwenye tundu la bati ni kitu cha kuokota tu dukani. Plagi ya pini tatu ni hela ya soda chache. Mnachokwepa hapa ni usumbufu wa kusimamisha biashara saa moja, na usumbufu huo mnautupia mwilini mwa dada anayelipwa kwa siku.

"Mafundi wetu hawajasoma." Wengine kweli, na wana mikono ya dhahabu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunza kazi mtaani, na EWURA inatoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja. Lakini fundi hataitafuta leseni kama mteja hamuulizi. Nyie mnaokodisha trela kwa mamilioni mnaomba risiti ya kila kitu, mbona leseni ya fundi hamuiombi?

Na wenye mamlaka je? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003, na Sheria ya Umeme tangu 2008. Kwenye viwanja vya maonesho nimeona watu wakikagua leseni za biashara, vipimo, usafi na vyoo. Vizuri. Sijamwona hata mmoja akiinama kwenye ndoano ya trela na mita mkononi. Trela ni mahali pa kazi kama kiwanda, ila lina matairi.

Magazeti nayo yana sentensi yake iliyokaririwa: "Chanzo kinadaiwa kuwa ni hitilafu ya umeme." Nukta. Hitilafu ni mtu gani? Anaishi wapi? Nani alimkaribisha? Hitilafu haiji yenyewe kama mvua. Kuna mkono uliokata waya wa ethi, kuna mkono uliochomeka kipande cha shaba nyuma ya breka, na kuna mdomo uliosema "fanya haraka, wateja wanangoja".

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaofanya kazi kwenye matrela haya, wauzaji, wasanii, madereva, manesi wa kliniki zinazotembea: mkisikia neno dairekti, shukeni. Shukeni kwa kuruka miguu yote miwili kwa pamoja, bila kushika bodi, mkakae kivulini. Msirudi mpaka breka iwe imerudi mahali pake na kosa limeonekana kwa macho. Na bosi akiuliza kwa nini mmegoma, mwambieni yeye avae kandambili, akasimame pale kwenye maji, ashike mlango.

Akikubali, niiteni nije na kamera.